Bahasha Niliyoitupa Lualaba

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu sana kuisahau. Nimezeeka. Nasahau miwani nilipoiweka, nasahau majina ya watoto niliowabatiza kwa mikono yangu, lakini siku hiyo haipotei. Kila mwaka seminari zinapofunguliwa na vijana wa parokia kupita hapa kuniaga na masanduku yao ya bati, siku hiyo hurudi ikakaa nami mezani.

Kwa hiyo usiondoke bado. Lori lako linatoka saa nane, na madereva wa Kolwezi wakisema saa nane, ujue ni saa kumi. Kaa. Hiyo bahasha niliyokupa sasa hivi iweke hapa mezani kati yetu. Nimeifunga kwa gundi na kuipiga muhuri wa parokia. Desturi unaijua: mseminari akimaliza likizo, paroko wake anaandika barua ya siri kueleza jinsi kijana alivyoishi nyumbani, anaifunga, na kijana mwenyewe ndiye anayeibeba hadi kwa Rekta, padri mkuu wa seminari. Unabeba hukumu yako mfukoni bila kuisoma. Sijui nani aliyebuni desturi hiyo. Alikuwa mtu mwenye hekima nyingi, au mtu aliyependa kuona vijana wakitoka jasho.

Mimi nilibeba bahasha kama hiyo na haikufika. Hapa mjini wananijua kama Abbé Ilunga, padri mzee mkali anayefukuza simu kanisani, na nadhani baadhi yao wanaamini nilizaliwa nimevaa kanzu. Jambo hili wanalijua watu wachache sana, na wengi wao nimewazika mwenyewe. Leo nakuambia wewe kwa sababu linakuhusu. Ndani yake yumo babu yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, naanza mwaka wa tatu. Babu zangu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na baba yangu akapanda akawa karani. Nyumbani kwetu mtoto aliyekuwa seminari alishikwa kama sahani ya kioo. Nikija likizo naketishwa kwenye kiti cha baba. Mama alinipigia pasi hata soksi. Dada zangu walikatazwa kunituma maji. Mwanangu, kijana akipewa heshima kabla hajaifanyia kazi, anaanza kuamini kwamba ni yake. Mimi niliamini.

Likizo ile, paroko wetu, Père Ambroise, mtu mfupi mwenye sauti nzito na maneno machache, alinipa kazi moja tu: kila Jumapili baada ya misa nifundishe watoto katekisimu. Nilifundisha Jumapili mbili. Kabla ya ile ya tatu, binamu yangu akanishawishi tupande treni kwenda Dilolo, kule mpakani na Angola, tukanunue makayabu, wale samaki wa chumvi, tuje kuwauza sokoni Kolwezi. Nilitaka viatu vipya. Ningependa kukuambia kwamba nyumbani kulikuwa na njaa, au mama alikuwa mgonjwa. Hapana. Ni viatu.

Nilikwenda mara ya kwanza, nikakwenda ya pili, na ya tatu. Watoto walikaa kwenye mabenchi wakimngoja mwalimu, wakachoka, wakaenda kucheza mpira. Jumapili moja treni ikachelewa. Ninashuka stesheni na gunia la makayabu mgongoni, nanuka kama soko zima, na mbele yangu amesimama Père Ambroise, amekuja kumpokea mgeni wake. Aliniangalia mimi, akaliangalia gunia.

"Ilunga, bonjour," akasema, akapita.

Basi. Hakuniita, hakunikaripia, wala Jumapili iliyofuata hakusema kitu. Mwenye hatia hukimbia ingawa hakuna anayemfukuza. Ile bonjour niliisikia usingizini. Nilijua mahali pekee ambapo Père Ambroise angesema yaliyobaki, nalo ni kwenye barua yangu ya likizo.

Sasa tuje kwa babu yako. Wewe ulimjua akiwa mzee wa kikohozi, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, kiongozi wa kwaya aliyewatetemesha wanaochelewa mazoezi. Mimi nilimjua akiwa Kapend tu, kijana mrefu aliyekaa nami benchi moja shuleni. Watu wake walitoka Sandoa. Baba yake alifariki mapema, na mama yake alilima karanga nje ya mji, akazikaanga, akaziuza mlangoni pa shule. Tulipomaliza shule tulitaka kwenda seminari pamoja, lakini Kapend akabaki miaka miwili kumsaidia mama yake kulea wadogo zake. Mimi nikatangulia. Na nikuambie ukweli ambao wakati ule nisingeutamka: kati yetu wawili, Kapend alitaka kuwa padri. Mimi nilitaka kuitwa padri.

Mwaka ule hatimaye naye alikuwa tayari. Mtihani aliufaulu. Lakini siku ya kuonana na mapadri wa seminari, yeye alikuwa Sandoa akimzika bibi yake, na aliporudi orodha ilikuwa imefungwa. Père Ambroise alisafiri mwenyewe kwenda kumwombea. Rekta akamjibu: niandikie barua kwa mkono wako, unieleze ni kijana wa namna gani, nami nitamwekea kitanda kimoja wakati wa mafungo ya kufungua mwaka. Nikikubali nitatuma habari mara moja. Hayo yote sikuyajua. Père Ambroise hakuwa mtu wa kutangaza mambo, na mimi likizo yote nilikuwa kwenye treni.

Siku ya kuondoka nilipita parokiani kama ulivyopita wewe leo. Père Ambroise akanipa bahasha. Ilikuwa nene, mwanangu.

"Utapeleka mu mikono ya Rekta," akaniambia. "Mu mikono yake, leo leo."

"Ndiyo, mon Père."

Njia nzima nilikaa juu ya magunia ya unga nyuma ya lori, bahasha kifuani, nikihesabu unene wake kwa vidole. Mtu haandiki kurasa zote hizo kwa ajili ya kusifu. Nilimwona Rekta akisoma: Dilolo, gunia, watoto kwenye mabenchi. Nilijiona nikirudi nyumbani na sanduku langu, baba akikaa tena kwenye kiti chake bila kunitazama. Tulipofika daraja la Lualaba, dereva akasimama ili injini ipoe, na abiria wakashuka kunyoosha miguu. Mimi nikateremka hadi ukingoni mwa mto.

Sikuifungua. Sikiliza hilo vizuri, maana ndipo penye ugonjwa wangu. Sheria ya seminari ilisema kwamba kuisoma barua ya siri ni kosa la kufukuzwa, nami nilijiona mtu wa kushika sheria. Niliichana vipande vinne bila kuisoma, nikaitupa majini, na vipande vilipokuwa vinaelea kwenda, Mungu anisamehe, nilijisifu moyoni kwamba angalau sikusoma siri ya mtu. Kisha nikanawa mikono. Pilato alitumia bakuli, mimi nilitumia Lualaba nzima.

Tulifika jioni. Desturi ilikuwa kupanga mstari mbele ya meza ya Rekta, kila mmoja na bahasha yake. Rekta wetu alikuwa Mkatanga wa kaskazini, mrefu, mpole, mtu wa kuuliza swali moja na kungoja. Zamu yangu ilipofika akanyoosha mkono. Nikamwambia Paroko ni mgonjwa, hakuweza kuandika.

"Pole yake," akasema. "Na hakukutuma hata neno moja ya kinywa?"

"Hapana, mon Père."

Aliangalia orodha yake, kalamu ya risasi ikasimama juu ya mstari mmoja. Nilidhani ananichunguza. Nilikuwa na hakika kwamba macho yale yananitafuta mimi. Mwanangu, hakuwa ananiwaza mimi hata kidogo.

Bwenini, kitanda cha kando yangu kilikuwa kimetandikwa, blanketi limekunjwa miguuni, hakina mtu. Wenzangu wakasema ni cha mtu ambaye hajafika. Vizuri, nikasema. Nikatundika taulo langu kwenye chuma chake, na chini yake nikapanga viatu vyangu vipya.

Siku kumi zikapita. Mafungo yakaisha, masomo yakaanza, na kile kitanda kikabaki vilevile, kwa maana Rekta alikuwa mtu wa subira na alimngoja Père Ambroise apone. Siku ya kumi, mchana, zamu ya kulinda mlango ilikuwa yangu. Nikaona mtu anakuja kwa miguu kutoka barabara kubwa, vumbi jekundu hadi magotini, ameshika mfuko. Alikuwa Kapend.

Tulikumbatiana. Nilifurahi, kweli nilifurahi, kwa sababu sikujua chochote.

"Unakuya kufanya nini huku?" nikamuuliza.

"Nilikuya kuuliza habari. Père Ambroise aliniambia barua yangu njo ile ulibeba. Nilifurahi sana! Nilisema, kama iko na Ilunga, ni sawa niko nayo miye. Lakini leo siku kumi, hakuna habari."

"Barua yako gani?"

"Ile ya kuniombea nafasi. Aliiweka pamoja na yako, mu anvelope moja. Haukujua?"

Nikashika nguzo ya mlango kama mtu anayepumzika tu. Hatua arobaini kutoka hapo palikuwa na kitanda chenye blanketi lililokunjwa. Mlango wa Rekta ulikuwa wazi, nasikia mashine yake ya chapa ikigonga. Lile kosa la mtoni lilikuwa la mjinga, na mjinga akitubu anasamehewa upesi. Hili nililokuwa nakaribia kulifanya lilikuwa la mtu anayejua.

"Ulimupatia?" akaniuliza.

"Nilimupatia."

"Mu mikono yake?"

"Mu mikono yake."

Alitazama ndani, kule uani ambako wenzangu walikuwa wanafua kanzu zao.

"Basi banakatala," akasema.

Nilingoja aseme, "Nipishe, niingie nimuulize mwenyewe." Nadhani angesema hivyo ningepona siku ile, maana nisingeweza kumzuia. Hakusema. Unajua alisema nini? "Haina mana kumusumbua Rekta. Kama ni weye ulipeleka, ilifika." Imani aliyokuwa nayo kwangu ndiyo iliyomfungia mlango. Kisha akanipa ule mfuko. "Mama alikutumia karanga. Ukule na benzako." Akageuka, akarudi alikotoka, na alipofika barabarani akainua mkono kuniaga. Nami nikainua wangu.

Alipofika Kolwezi akamwambia Père Ambroise: barua ilifika, wamekataa. Père Ambroise hakuandika tena, maana hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Siku mbili baadaye kitanda akapewa kijana mwingine. Alikuja na sanduku lake, akaniomba kwa adabu niondoe viatu vyangu.

Husemwa mjumbe hauawi. Kweli, hakuna aliyeniua. Mimi ndiye niliyeua ujumbe, nikaendelea kula, kusali na kuimba tenzi za Majilio, majuma yale ya kungoja Krismasi. Zile karanga sikuweza kuzionja wala kuzigawa. Nilizificha chini kabisa ya sanduku hadi wadudu wakazimaliza.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika hadi Majilio. Maparoko walikuja seminari kwa mkutano, nami nilikuwa nafagia uani nilipomwona Rekta anamkimbilia Père Ambroise na mikono miwili.

"Père! Unapona?"

"Kupona nini?" Père Ambroise akasema kwa ile sauti yake nzito. "Mi sikugonjwa hata siku moja."

Wote wawili wakageuka, wakaniangalia mimi na ufagio wangu.

Sikuhitaji kuulizwa mara mbili. Nilisema yote ofisini, nimesimama. Père Ambroise alikuwa mtu wa karatasi ya kaboni, kila barua alibaki na nakala yake, na wiki iliyofuata nakala ikaletwa. Rekta akaniamuru niisome kwa sauti. Juu yangu kulikuwa na mistari miwili: "Ilunga alikuwa na likizo ya kijana wa umri wake. Yaliyobaki nitaongea naye mwenyewe." Mistari miwili, mwanangu. Hakuna Dilolo, hakuna makayabu. Kurasa zote zilizobaki zilikuwa za Kapend: jinsi alivyomzika baba yake, alivyowalea wadogo zake, alivyojifunza zaburi kwa moyo akiuza karanga mlangoni pa shule. Mwishoni aliandika: kama kati ya vijana wangu kuna nafasi ya mmoja tu, mpe huyu.

Nilisoma hadi hapo.

Rekta akaichukua nakala. Kisha akasema polepole, "Uliogopa mistari mbili."

Sijawahi kupigwa kofi linalouma hivyo. Nikamwambia nitafunga sanduku langu, niondoke. Nilidhani hilo ndilo jibu la mtu mwenye aibu.

"Utaenda wapi?" akasema. "Kwenu, bakulilie, bakuite masikini? Hapana. Hiyo ni kukimbia. Utabaki hapa, na kesho utaenda Kolwezi, umuambie Kapend na kinywa yako. Si miye, si Paroko. Weye. Na umuambie mwaka kesho kitanda ni yake."

Nilimkuta stesheni. Alikuwa amepata kazi ya kupakia mizigo kwenye mabehewa, mama yake akiwa ameanza kuumwa miguu na hawezi tena kufika shambani. Alikuwa na gunia la mahindi begani. Aliponiona akacheka, akalishusha. Mimi nilikuwa nimevaa vile viatu, sikuwa na vingine. Nikamwambia yote, kuanzia daraja la Lualaba hadi mlangoni pa seminari, bila kuruka kitu.

Alikaa juu ya gunia. Muda wote nikiongea alikuwa anaangalia chini, karibu na viatu vyangu. Nilingoja anipige, kwa kweli nilitamani anipige. Halafu akasema, na haya ndiyo maneno ninayoyabeba hadi leo:

"Miezi yote hii nilikuwa naomba Mungu aniambie juu ya nini alinikatala. Kumbe haikukuwa Yeye."

Hakulia, hakupandisha sauti. Akasimama, akainama mbele ya gunia. "Nisaidieko," akasema. Msimamizi alikuwa anaita. Basi nikaliinua lile gunia kwa mikono yangu miwili, nikamtwika babu yako mgongoni, naye akaenda nalo.

Mwaka uliofuata kitanda kiliwekwa kama Rekta alivyoahidi. Kapend hakuja. Mama yake alikuwa halimi tena, na wadogo zake walikuwa wanne, wanataka kula. Nilimwendea kumsihi. Akaniambia, "Ile wakati inapita, Ilunga. Weye soma juu ya shiye bote." Maji yakimwagika hayazoleki, hata ukija na ndoo nzuri namna gani. Nikasoma, kwa ajili yetu sote. Siku ya upadirisho wangu alikuwepo, aliimba kuliko wote. Hakumwambia mtu yeyote kwa nini hakuwa pamoja nami mbele ya altare. Hakumwambia mke wake. Hakumwambia mama yako.

Lakini kila mwaka seminari zinapofunguliwa, popote nilipokuwa, ulinifikia mfuko wa karanga kutoka kwa Kapend. Miaka yote hiyo! Nilizigawa kwa wageni, kwa watawa, kwa mafundi. Mimi sikuonja hata moja. Sikujua kama ananisamehe au ananikumbusha, na sikuthubutu kuuliza hadi alipolala kitandani pale mtaani Kasulo, kwenye nyumba ambayo alikataa isichimbwe wakati majirani wanavunja sebule zao kutafuta madini ya kobalti. Nilimpaka mafuta, nikamaliza sala, nikamuuliza. "Kapend, zile karanga ni musamaha ao ni mukumbusho?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Weye tata," akasema, akiniita baba kama wanavyoitwa mapadri, "ni karanga tu. Kula."

Wiki ileile tukamzika. Ulikuwepo, ulishika msalaba. Utakumbuka watu walivyosema makaburini: huyu alijua zaburi zote, alipaswa kuwa padri, ilikuwaje? Na shangazi yako akajibu kwa huzuni, "Mungu hakupenda." Mimi nilikuwa nimesimama hapo, maji ya baraka mkononi, na nikanyamaza. Miaka yote ile, baada ya kusoma na kuhubiri, nilipewa tena mlango uleule na swali lilelile, nikasimama kimya mbele ya jeneza lake. Nimeona haya kwa ajili ya mtoni, na zaidi kwa ajili ya mlangoni, lakini kwa ajili ya makaburini sina hata neno. Kijana wa miaka ishirini na mmoja unaweza kumwombea radhi. Mzee je?

Kwa hiyo sikia, na nyumbani uwaambie wote, mama yako na shangazi yako: Mungu hakumkataa Kapend. Ilikuwa mimi.

Naona unataka kusema kitu. Unataka kunifariji, najua, una moyo wa babu yako. Utasema kama angekuwa padri, mama yako asingezaliwa, wala wewe usingekuwa hapa na bahasha hii. Nimejaribu faraja hiyo, mwanangu, hainitoshi mwilini. Mungu hunyoosha tulichopinda, lakini hilo halifanyi kupinda kuwe kazi njema. Mshukuru Yeye kwa uhai wako. Usinishukuru mimi.

Nilisikia tangu utotoni kwamba majuto ni mjukuu. Sikuwahi kufikiri kwamba mjukuu huyo angekuja kukaa mbele yangu, amevaa shati jeupe, akingoja lori.

Sasa chukua bahasha yako. Nasaha yangu ni hii. Kitu ulichopewa ukifikishe, kifikishe, hata kama unadhani ndani yake mmeandikwa aibu yako. Huenda aibu yako ni mistari miwili tu, na kurasa zilizobaki ni maisha ya mtu mwingine. Utakapokuwa padri utabeba mengi yaliyofungwa: barua, maungamo, maneno ya wanaokufa. Ukianza kila mara kuuliza hili litanifanya nini mimi, utawatupa watu mtoni bila hata kujua majina yao. Ukikosea kwa ujinga, sema siku ileile, kabla uongo haujazaa wa pili, kwa sababu wa kwanza mara nyingi una dawa na wa pili unakukuta unajua. Na mtu akikuamini kiasi cha kutokuuliza, hapo ndipo uogope, hapo ndipo useme ukweli kabla hajageuka kwenda zake. Usingoje makaburi.

Kabla hujaondoka, fungua kile kikabati. Uone mfuko ulioko ndani. Mama yako aliuleta leo asubuhi, mwaka wa kwanza tangu babu yako atutoke. Alisema tu, "Tata Abbé, marehemu aliacha neno kwamba tusisahau." Ulete hapa. Ufungue wewe. Nipe chache. Na wewe chukua.

Zina chumvi. Sikujua kwamba mama yake Kapend alizitia chumvi hivi, na kwamba nyumbani kwenu mmeendelea vivyo hivyo.

Nenda sasa, hiyo ni honi ya lori lako. Inamisha kichwa. Mungu ambaye babu yako alimlaumu bure akutangulie barabarani na kukuvusha Lualaba salama. Mikono yako ifikishe kila itakachopewa. Kinywa chako kisichelewe kama changu. Na siku ile utakayopewa zamu ya kulinda mlango, akija mtu mwenye vumbi hadi magotini kuulizia habari yake, Bwana akupe nguvu ya kumshika mkono na kumwingiza ndani. Amina.